KUONGEZEA SI KUZIBA

*Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 19*

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kwa baridi ya alfajiri ya leo, aliyepata chai ya tangawizi ashukuru sana.

Mada yetu leo ni oili ya stelingi. Najua kuna waliotabasamu. Subirini kidogo.

Naanza na habari yangu mwenyewe, na si habari ya kunisifu. Mnajua dini yetu inafundisha kwamba kosa ambalo Mwenyezi Mungu amekusitiri, usitoke ukalitangaza. Tubu kati yako na Mola wako, inatosha. Lakini likiingia jambo la haki ya mwanadamu, hapo kutubu chini kwa chini hakutoshi. Lazima umwendee uliyemkosea. Mimi niliwakosea watu saba, na wote wanatoka katika jamaa yetu hii.

*Ilivyokuwa*

Gari langu, lile la watu wanane mnalolijua, lilianza kuvuja oili ya stelingi kama wiki tatu kabla ya siku ninayoisimulia. Asubuhi nikitoka Alfajiri naona matone mekundu chini, pale linapolala. Nikatandika boksi ili sakafu isichafuke. Nikalipeleka kwa fundi. Fundi akaangalia, akasema, "Ustadhi, mpira wa presha umechoka. Nunua mwingine, gari lilale hapa siku moja, kesho unachukua."

Nikamwambia in shaa Allah baada ya Idi. Hesabu zangu zilikuwa hivi: kuna nguo za watoto, kuna futari, kuna wageni. Nikanunua chupa ya oili nikaiweka nyuma ya kiti. Kila asubuhi nafungua boneti, naongezea, naondoka. Chupa ya kwanza ilikaa wiki nzima. Ya pili siku nne. Ya tatu siku mbili. Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nilichoelewa ni kwamba ninunue chupa mbili mbili.

Jumamosi iliyopita tulialikwa futari na ndugu zetu wa Makambako, halafu tuswali nao tarawehe. Kutoka hapa Njombe ni kilomita kama 60, lami tupu. Tukaondoka baada ya Alasiri, tumechelewa. Ndani nina wanaume watatu, kina mama watatu, na kijana mmoja wa madrasa. Asubuhi nilikuwa nimeongezea oili. Jioni sikuangalia, kwa sababu ya haraka.

Njiani, kila nikikata kona, pampu inalia. Wenye magari mnaujua ule mlio, kama mtu anaguna kwa maumivu. Nitawaambia nilichofanya, na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Niliongeza sauti ya Qur'ani kwenye redio ya gari ili abiria wasiusikie. Kitabu cha Mwenyezi Mungu, nimekifanya pazia la kuficha ubovu wangu.

Mvua ikaanza, na ukungu ule wetu wa huku ukashuka. Nikapunguza mwendo. Tukafika kwenye mteremko wenye kona, na lori la mbao linapanda kutoka chini. Nikakata usukani, usukani ukawa mzito kama nimeshika mti. Nilivuta kwa mikono miwili na kifua. Gari likaitikia kwa kuchelewa. Likapanuka kwenye kona, likatoka pembeni, na pembeni palikuwa na kijana wa bodaboda amesimama anavaa koti la mvua, mtoto amekaa kwenye pikipiki. Tuliwapita kwa nafasi ya shubiri. Gari likasimama kwenye majani.

Ndani ya gari wakasema Allahu Akbar. Mama mmoja mtu mzima akaniambia, "Mwanangu, Mwenyezi Mungu amekulinda kwa ajili ya saumu yako."

Nami nikajibu nini? Nikasema, "Alhamdulillah mama, stelingi imegoma kidogo tu." Nikashuka, nikafungua boneti, nikamimina chupa nzima huku boneti imenikinga wasinione. Nikarudi kwenye kiti. Tukaenda polepole mpaka Makambako. Tukafuturu. Nikaswali nyuma ya imamu tarawehe yote, na sikumbuki hata sura moja aliyoisoma.

Usiku ule niliwaombea lifti kwa ndugu mwenye Kosta, gari nikaliacha. Kesho yake fundi wa pale Makambako alilifungua. Mpira umepasuka. Pampu imekula hewa siku nyingi, imeungua. Chini kote kumelowa oili, mpaka karibu na bomba la moshi, na bomba la moshi likipata moto sana oili ile inaweza kushika moto. Kazi ambayo ingekuwa ya mpira mmoja ikawa ya mpira na pampu na mkanda. Fundi akafuta mikono, akaniambia maneno ambayo nimekuwa nikiyabeba tangu siku ile:

"Ustadhi, ulikuwa hulilishi gari. Ulikuwa unailisha barabara. Kuongezea si kuziba."

*Kwanza tuongee na wenye magari*

Kabla sijaenda kwenye roho, niseme na madereva kwa lugha ya kawaida, maana kulinda nafsi ni katika dini yenyewe. Katika Suratul Baqara, aya ya 195, Mola wetu anatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Na katika Suratul Maida, aya ya 32, tunafundishwa kwamba anayeua nafsi moja bila haki ni kama ameua watu wote, na anayeiokoa moja ni kama amewaokoa wote. Aya hizi zinakuja na sisi barabarani pia.

Stelingi ya oili inafanya kazi hivi. Injini inazungusha pampu kwa mkanda. Pampu inasukuma oili kwa presha kubwa kupitia mipira, presha ile ndiyo inayokusaidia kugeuza matairi. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa, inalia, na msaada unakatika. Usukani haujifungi, bado unageuka, ila kwa nguvu zako mwenyewe. Kijana mwenye misuli anaweza kuumudu. Mzee, au mtu aliyefunga toka alfajiri, anaweza asiuwahi.

Kuna mambo mawili yanayotudanganya. La kwanza, ukiwa kwenye kasi na barabara imenyooka, usukani unakuwa mwepesi hata msaada ukipungua, kwa hiyo unajiona uko salama. Uzito unakuja ukipunguza mwendo na kukata kona. La pili, presha kwenye mpira inapanda zaidi pale unapokata kona. Maana yake, mpira mbovu unavuja zaidi wakati ule ule unapouhitaji zaidi.

Dalili zake ni hizi:

▪️ Matone chini ya gari upande wa mbele. Mara nyingi ni mekundu, yakizeeka yanakuwa ya kahawia.
▪️ Mlio wa kuguna ukikata usukani.
▪️ Usukani mzito wakati wa kuegesha, hasa asubuhi ya baridi.
▪️ Kikopo cha oili kinashuka chini ya alama ya mwisho kila baada ya siku chache, au oili ina povu.

Oili ya stelingi haichomwi kama petroli. Mfumo wake umefungwa. Ikipungua mara kwa mara, basi ipo mahali inapotokea. Usimimine oili ya breki humo, inaharibu mipira ya ndani. Tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko au kwenye kitabu cha gari. Gari lenye stelingi ya umeme halina oili hii kabisa, lako ukilisikia zito mpelekee fundi wa umeme.

Na ikikutokea uko njiani: usizime injini gari likiwa linatembea, maana hata breki zitakuwa nzito na usukani unaweza kujifunga. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, washa taa za hatari, toka pembeni taratibu. Kisha waambie abiria wako ukweli. Hapo mimi nilifeli.

*Amana iliyokaa kiti cha nyuma*

Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu anaowachunga. Dereva ni mchunga kwa muda ule anaoshika usukani. Abiria hajui kilichopo chini ya boneti. Yeye amekaa, amefunga mkanda, anavuta tasbihi, amekukabidhi roho yake na ya mwanawe. Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo inasema habari ya siku ile gari lilipokaguliwa. Habari ya asubuhi ya leo unaijua wewe peke yako, na Mola wako.

Mnakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono kwenye lundo la nafaka akakuta ndani kumelowa. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akafundisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Angalieni, muuzaji yule hakuinyesha ile mvua. Kosa lake lilikuwa kuficha. Na mimi mpira sikuuchosha kwa makusudi, mipira yote inachoka. Kosa langu ni lile boksi, ile redio, na yale maneno "imegoma kidogo tu".

Najua wapo watakaosema, "Ustadhi, tulitegemea kwa Mwenyezi Mungu." Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini yule aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia au ategemee tu, aliambiwa afunge kisha ategemee. Tawakkul inakuja baada ya kamba. Ukiacha kamba makusudi, halafu ukasema umetegemea, unamjaribu Mola wako, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Na wapo watakaosema, "Gari si langu, bosi anataka hesabu, amesema piga hivyo hivyo." Ndugu yangu, nakuelewa, mkate wa watoto si mchezo. Lakini hakuna kumtii kiumbe katika jambo la kumuasi Muumba. Mwambie mbele ya shahidi, mwandikie ujumbe, omba siku moja ya matengenezo. Na wewe bosi unayesoma hapa, umefunga, umetoa sadaka ya tende msikitini, huku gari lako linapakia watu likiwa bovu na unajua. Rudisha hesabu yako kwa Mola wako kabla hajakuita kuihesabu.

Na asiyekuwa na pesa kweli? Egesha. Sema. Sisi ni jamaa moja. Mwenye uwezo amkopeshe mwenzake mkopo mwema usio na riba, anunue mpira, alipe kidogo kidogo baada ya Idi. Tunachangia sanda haraka sana sisi. Tujifunze kuchangia mpira kabla ya sanda.

*Sasa tuangalie chini ya boneti zetu*

Ndugu zangu, maneno ya yule fundi yamenifanya niiangalie Ramadhani yangu yote upya.

Tupo siku ya 19. Tumeongezea sana. Juzuu zimesomwa, rakaa zimeswaliwa, futari zimetolewa. Alhamdulillah, hayo ni mema na tusiyapunguze. Lakini je, tumeziba?

Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba wake kama wanamjua aliyefilisika. Wakasema ni yule asiye na pesa wala mali. Akawafundisha kwamba aliyefilisika katika umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya mwingine, akampiga mwingine. Wadai wake watalipwa kwa mema yake mpaka yaishe, kisha atabebeshwa madhambi yao. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Jamani, huyo si mtu asiyefanya ibada. Huyo ana ibada nyingi. Ila zinavuja. Anailisha barabara.

Wapi panavuja? Kila mtu achungulie pake. Mimi nataja sehemu tatu ninazoziona kwetu huku.

*Ulimi.* Tunatoka tarawehe, viatu hatujavaa, tayari tunamjadili imamu, tunamjadili jirani, tunamjadili mke wa fulani. Na siku hizi ulimi umehamia kwenye vidole: sauti ya mtu inasambazwa, picha ya mtu inasambazwa, na chini yake tunaandika "astaghfirullah". Hiyo astaghfirullah ni ile chupa ya nyuma ya kiti. Tunaongezea huku tunamwaga.

*Vipimo.* Mkoa wetu ni wa viazi, parachichi na mbao. Wapo kati yetu wanaonunua viazi shambani kwa lumbesa, gunia linashonewa kilemba juu kama mlima, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza. Na kabla ya sheria hiyo, Suratul Mutaffifin imefunguka kwa onyo juu ya watu wanaotaka kipimo kijae wanapopokea, na wanapunguza wanapotoa. Unaweza kufunga siku 30 ukamtolea futari kila maskini wa mtaa, kumbe pesa ya futari ni ya bibi mmoja mwenye shamba ambaye gunia lake lilizidi na hukumlipa.

*Ahadi.* Kibarua aliyechuma parachichi wiki iliyopita hajalipwa, anaambiwa "baada ya Idi". Deni la dukani, "baada ya Idi". Kuswali swala tano, hilo nalo "nitaendelea baada ya Idi in shaa Allah", na Idi ikipita msikiti unabaki safu moja. Hii "baada ya Idi" naijua vizuri. Ndiyo iliyokaribia kumuua mtoto wa watu pembeni ya barabara.

Na kama ule mpira, mapungufu haya hayaonekani barabara ikiwa imenyooka. Mambo yakiwa mazuri kila mtu ni mcha Mungu. Inakuja kona: hasira, njaa, pesa ya haraka, ugomvi wa ndoa. Unakata usukani, na imani uliyoizoea haikusaidii kugeuka, kwa sababu ilivuja zamani. Hapo ndipo tunashangaa, "Ilikuwaje mtu wa swala akafanya vile?" Haikuwa siku ile. Matone yalikuwepo chini asubuhi zote, tukatandika boksi.

*Niliowaendea*

Jana na juzi nimewazungukia wale saba, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Nimewaambia kwamba nilijua, tangu wiki tatu, na niliwaficha. Wote wamenisamehe, Mwenyezi Mungu awalipe. Mmoja alikasirika kwanza, na alikuwa na haki.

Yule mama mtu mzima alinyamaza muda. Kisha akasema, "Ule mlio niliusikia, mwanangu. Nikasema moyoni, dereva ni mtu wa msikitini, angekuwa na hatari asingetupakia."

Ndugu zangu, neno lile ni zito kuliko usukani wa siku ile. Watu wanatupanda kwa sababu ya kanzu zetu. Wanatukopesha, wanatuuzia, wanatuoza binti zao, kwa sababu wanasema huyu ni mtu wa msikitini.

Yule kijana wa bodaboda sijampata. Sijui jina lake. Kama anatoka kati ya Njombe na Makambako na mnamfahamu kwa kisa hiki, nileteeni habari faragha, nimwendee.

*Kazi ya leo*

1️⃣ Mwenye gari au pikipiki, kabla ya Adhuhuri chungulia chini na chungulia kwenye kikopo. Ukikuta inavuja, usipakie mtu mpaka itengenezwe.
2️⃣ Kila mmoja wetu achague sehemu moja tu inayovuja katika ibada yake, aizibe leo. Moja. Mlipe kibarua mmoja, futa sauti moja, mwombe radhi mtu mmoja.
3️⃣ Jioni, msikimbilie futari kwa mwendo wa hatari. Kama umechelewa, beba tende na maji, adhana ikilia simama pembeni ufuturu. Na safari ikiwa ngumu, Mola wetu ameshampa msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Ewe Mola wetu, wewe unayajua ya chini ya boneti na ya chini ya kanzu. Utuoneshe panapovuja kabla ya kona haijatufika. Utupe ujasiri wa kuziba, usituache tukidanganyika kwa kuongezea. Uwalinde wasafiri wetu katika ukungu na mvua hizi, uwarehemu waliotutangulia barabarani, na uwape subira watoto waliowaacha. Utukubalie saumu zetu, na uwape nyoyo njema wale tuliowakosea. Aamin.

Kesho in shaa Allah tunaingia kwenye maandalizi ya kumi la mwisho na habari za itikafu.

Ukiona kuna faida, mfikishie dereva mmoja unayemjua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.